Mlango wa Walimu

Kila siku saa nne asubuhi kengele ililia, na wanafunzi wote wa shule yetu ya bweni, watu wenye hadhi na matumaini makubwa ya maisha, walikimbilia bwaloni kama kuku waliomwagiwa mtama. Tulikuwa tunaenda kunywa uji. Uji wenyewe ulikuwa mwepesi kiasi kwamba ungeweza kuona chini ya kikombe na kusoma jina la kiwanda. Hata hivyo tuliupigania kama urithi.

Bwalo lilikuwa na milango miwili. Wa wanafunzi ulikuwa mwembamba na ulifungukia ndani. Wa pili ulikuwa mpana, ubavuni, upande wa bustani, na juu yake paliandikwa kwa rangi nyekundu: WALIMU TU. Mwanafunzi aliyethubutu kukanyaga kizingiti chake alikatishwa nyasi wiki nzima. Mimi nilikuwa nimekwisha kata nyasi hizo mara nyingi, mpaka mbuzi wa jirani wakaanza kuniona mpinzani wao katika biashara.

Tukishaingia sote, kiranja wa bwalo alifunga mlango wetu kwa komeo ili wajanja wasitoke na kurudi foleni mara ya pili. Kiranja huyo tulimwita Waziri, kwa sababu alizungumza kana kwamba kila mara kuna kipaza sauti mbele yake. Kisha mpishi, ambaye tulimwita Injini kwa jinsi alivyokoroma akibeba vitu vizito, alitoka jikoni na sufuria kubwa huku akipaza sauti, "Moto! Moto! Njia jamani, moto!" Nasi tulimpisha, akapita, tukajifunga tena nyuma yake. Kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja tu: nyoosha kikombe.

Siku ninayoisimulia nilikuwa mbele kabisa ya foleni, mahali panaponistahili. Mwisho kabisa, mgongo wake ukigusa mlango wetu, alisimama mdogo wangu wa kiume. Ulikuwa muhula wake wa kwanza. Shuleni alipewa jina la Stempu, kwa udogo wake na kwa tabia yake ya kunigandia. Mama alipotuleta aliniambia mbele ya lango, "Huyu nakukabidhi wewe, si shule. Shule ina watoto wengi." Wavulana wakubwa walikuwa wamemsukuma nyuma hatua kwa hatua, kama ilivyo haki ya wenye misuli.

Mara Injini akatoka jikoni mbio, mikono mitupu.

"Moto! Moto!"

Foleni nzima ikanyoosha vikombe, changu kikiwemo.

"Hakuna uji! Kuna moto!"

"Tunajua uko moto," akamjibu Beki, nahodha wetu wa mpira, mvulana mwenye mabega ya kabati na akili ya droo yake. "Lete tu, tutapuliza."

"Moto wa kweli, wewe!"

"Afadhali, wa jana ulikuwa baridi kama maji ya kisima!"

Watu wakacheka, wakagongana mikono. Injini alitutazama kama mtu anayetazama debe lililoanza kuzungumza, akarudi jikoni akitafuta ndoo ya mchanga. Nyuma yake moshi ukaingia bwaloni, mweusi, wenye harufu ya gunia lililolowa mafuta.

Ungedhani sasa tungeondoka. La. Kwanza kila mmoja alimtazama jirani yake ili ajue kama inafaa kuogopa. Jirani naye alikuwa anamtazama yeye kwa shida hiyo hiyo. Tulisimama hivyo, umati mzima wa wasomi, kila mtu akiazima uso wa mwenzake na kuukuta mtupu. Mwalimu wa zamu pekee ndiye hakuazima uso wa mtu. Alitoka kwa mlango wake, taratibu, kikombe mkononi, kisha akiwa salama bustanini akatupigia kelele, "Tokeni nje! Tokeni!" Tutokee wapi, hakusema.

Ndipo mtu mmoja akapiga yowe, na umati ukapata ulichokuwa unasubiri, yaani mtu wa kumwiga. Wote waligeuka wakaukimbilia mlango walioingilia.

Nimewahi kuona ng'ombe wakitoka zizini. Ng'ombe wana adabu. Kulikuwa na msichana aliyerudi mezani kuchukua kijiko chake, akapigana na kila aliyemzuia, kana kwamba kijiko kile kilikuwa kimemzaa. Waziri alipanda juu ya benchi akitangaza, "Mstari! Pangeni mstari!" huku yeye mwenyewe akirukia vichwani mwa watu. Beki aliinamisha mabega akachimba katikati ya watoto wa madarasa ya chini. Na kwa kuwa mlango ulifungukia ndani, kadiri walivyousukuma ndivyo walivyozidi kuufunga. Waliokuwa mbele walilia, "Rudini nyuma!" Waliokuwa nyuma walisikia kelele, wakadhani ni kelele za furaha ya kutoka, wakaongeza nguvu.

Nikauona mkono. Mkono mdogo, wenye sweta iliyofumuka, ukitokeza juu ya mabega pale mlangoni.

"Dada!"

Kisha ukazama.

Sina kipaji cha kueleza moyo wangu ulivyofanya. Ninachojua ni kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuona chochote cha kuchekesha. Nilipiga kelele mpaka koo likaniwasha. "Nyie! Geukeni! Mlango mwingine uko wazi!" Na kweli ulikuwa wazi, hatua chache tu kutoka kwao, upepo wa bustani ukiingia na kusukuma moshi juu. Hakuna aliyegeuka. Au niseme kweli, yupo mmoja: mvulana wa nyuma kabisa aligeuka, akautazama ule mlango, akanitazama mimi, akasema kwa mshangao, "Ule si wa walimu?" Akarudi kusukuma.

Nikaelewa kwamba nilikuwa nawaita watu ambao hawakuwepo. "Nyie" hakuwa mtu yeyote pale. Nikamshika Beki ukosi wa shati.

"Beki! Wewe, Beki! Nitazame mimi!"

Akanitazama, macho yakipepesa kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Kushoto kwako. Mlango. Toka."

"Aa," alisema, akatoka. Ilikuwa rahisi hivyo, nusura nimzabe kofi kwa urahisi wake.

Basi nikaanza kuwaita mmoja mmoja, kwa majina tuliyopeana, na majina ya bweni hayana huruma. "Kichwa Boga! Kisigino! Sauti ya Mbuzi! Bibi Harusi!" Kila aliyeitwa aligeuka kwa ghadhabu ili ajue nani kamtukana, na alipogeuka akauona mlango. "Nani kaniita Kichwa Boga?" "Mimi! Toka nje uje unipige!" Alitoka nje ili anipige. Hasira ilifanya kazi iliyoishinda hofu. Lakini wengi bado walisita mbele ya yale maandishi mekundu.

"Waziri!" nikamwita. "Toa ruhusa!"

Waziri, aliyekuwa ananing'inia begani kwa mtu, alikumbuka cheo chake. Alikohoa moshi, akatangaza, "Kwa leo tu! Mlango wa walimu umeruhusiwa!" Naam. Watu waliokataa kutii mapafu yao wenyewe walimtii Waziri. Wakamiminika bustanini, na msongamano pale mlangoni ukalegea kama kamba iliyokatwa.

Waliobaki walikuwa wamelaliana. Niliwaondoa kwa mikono, na Beki, sijui kwa nini, alikuwa amerudi ndani kunisaidia. Stempu alikuwa chini ya wote, uso kwenye saruji, midomo ya rangi ya jivu. Tulimbeba nje. Nilimwita kwa jina lake la shuleni, kisha kwa jina la nyumbani, kisha nikaacha kuita. Halafu akakohoa, akatapika kidogo juu ya viatu vyangu, na sijawahi kupokea zawadi nzuri zaidi ya ile.

Moto wenyewe Injini aliuzima kwa ndoo ya mchanga. Uliunguza gunia moja na miiko. Yote mengine tuliyaharibu sisi: mikono, meno, mbavu, na mfupa wa bega la mdogo wangu.

Mama alifika zahanati jioni, bado amevaa sare, kwa maana ni muuguzi wa wodi ya dharura. Alimpapasa Stempu kuanzia utosini hadi vidoleni kabla ya kusema neno. Mkuu wa shule alikuwa amekwisha kutangaza kwamba fundi angeugeuza mlango wetu ufungukie nje, na milango yote miwili ingekuwa ya kila mtu. Mwalimu wa zamu alikuwa ofisini kwa mkuu, akieleza kwa nini kikombe kilitangulia watoto.

Nilimsimulia mama kila kitu, kwa madoido. "Kondoo, mama!" nilimaliza. "Kondoo watupu!"

"Kondoo hawajui kusoma," alisema mama. "Ninyi mnajua, na mlichokisoma ukutani nusura kiwaue. Na wewe ulikuwa wapi moto ulipotangazwa?"

"Kwenye foleni."

"Na kikombe?"

Nikanyoosha mkono kumwonyesha kilipokuwa. Stempu akacheka, akashika bega, akaacha kucheka.

"Kumbe," alisema mama. "Sasa sikiliza, mwanangu, maana waliokanyagwa wanaletwa wodini kwetu kila mara, wa kumbi, wa viwanja, wa masoko, na wengi wao hata hawajanusa moto. Kila unapoingia mahali, tafuta kwanza pa kutokea, na usihesabu mlango ulioingilia peke yake. Ukisikia hatari, usingoje mwenzako aogope ndipo uogope. Ondoka, na kijiko kibaki. Na ukitaka kuwaokoa watu usiuite umati, maana umati hauna masikio. Mwite mmoja, kwa jina lake, umwonyeshe njia kwa kidole."

"Nilifanya hivyo," nilisema kwa sauti ndogo.

"Ulifanya. Ndiyo maana nina watoto wawili jioni hii." Alilivuta shuka akamfunika Stempu hadi kidevuni. "Kuogopa si aibu, kila mwenye pumzi huogopa. Aibu ni kumkabidhi hofu yako mtu aliye mbele yako, ukamsukuma, bila hata kumuuliza kama anajua anakokwenda."