Mshtarii ya Benta

Saa moja na robo jioni, Jumatatu, umeme ulikatika Dunga, kando ya ziwa. Taa ya duka la jirani, ambayo kila siku ilimulika ua wa akina Benta, ilizimika pamoja na nyingine zote. Benta, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, alikuwa akiosha sufuria. Alizifunika, akapangusa mikono, akaitoa darubini nje.

Darubini hiyo ilikuwa mali ya kilabu cha sayansi cha shule yao. Siku walipoinunua mjini Kisumu, dukani kulikuwa na mbili. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, yenye miguu mitatu mirefu, na sanduku lake lilijisifu kwamba inakuza vitu mara mia tano. Ya pili ilikuwa fupi na nene, ikikaa juu ya kitako cha mbao.

"Mwalimu, si tuchukue hii ya mia tano!" Alamin, mwanachama mwenzake Benta, alisema. "Hiyo nyingine inafanana na ndoo."

Mwalimu Nasipwondi, aliyewafundisha sayansi, alimwambia ailenge ile nyembamba kwenye mnara wa simu ng'ambo ya barabara. Alamin alitazama. Kila alipoigusa, mnara uliruka huku na huku. Alipoweka lenzi yenye nguvu zaidi, aliona ukungu wa kijivu tu.

"Wee! Mnara umepotea," alisema.

"Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya mwanga," mwalimu akaeleza. "Kioo kikiwa kipana, mwanga unaoingia ni mwingi. Ukikuza picha mbaya, unapata picha mbaya iliyo kubwa. Na kitako kikitikisika, huoni chochote."

Walichukua ile nene. Mwalimu aliwapa masharti machache: waanze na lenzi isiyokuza sana, wasiielekeze kwenye jua kamwe, kwa sababu jicho linaweza kupofuka mara moja, na wakumbuke kwamba dunia inazunguka, hivyo nyota haikai mahali pamoja ndani ya darubini. Baada ya dakika chache hutoka, na ni lazima uisukume darubini kidogo ili kuifuata.

Wanachama walipeana zamu za kukaa nayo, na wiki hii ilikuwa ya Benta; waliomtangulia walikuta mawingu tu. Kazi yenyewe ilikuwa kuitafuta Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, na kuchora miezi yake minne mikubwa. Mwenye mchoro bora angeiwakilisha shule katika maonyesho ya sayansi ya kaunti, na jina lake lilipaswa kupelekwa Ijumaa. Mwaka uliopita alikwenda mwenzao Byron. Benta hakuwahi kuchaguliwa kwa jambo lolote shuleni, hata kuimba, na safari hii aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote.

Mwalimu alikuwa amewaambia waitafute Mshtarii upande wa magharibi, juu ya mahali jua lilipotua, kwa urefu wa kiganja, mkono ukiwa umenyooshwa. Jumatatu hiyo mahali hapo palikuwa na wingu. Benta aliishusha darubini taratibu kuelekea ziwani, chini ya wingu. Ghafla akaona nuru moja kubwa, na kando yake nukta nne zilizojipanga kwa mstari.

Kwa muda mfupi aliwaza juu ya taa za wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Lakini wavuvi wa omena hufanya kazi katika giza, ili samaki wazifuate taa zao. Mbalamwezi ikiwa kali wao hupumzika, na mwezi ulikuwa mpevu siku chache tu zilizopita. Benta aliamua kwamba hakuna mtu ziwani. Alichora nuru na nukta zake nne, akairudisha darubini ndani.

Kesho yake kilabu kizima kiliuzunguka mchoro wake.

"Umeiga kitabuni," Byron alisema.

"Kwani wewe hukuiona jana, hata bila darubini?"

"Kwetu kulikuwa na mawingu. Hata kwenu yalikuwepo. Ama Dunga mna anga yenu?"

Wenzao walicheka. Mwalimu Nasipwondi hakucheka. Aliushika mchoro, akauliza, "Benta, uliitazama tena baada ya muda, ukaona kwamba imesogea?"

Hakuitazama tena. Benta aliwatazama wenzake waliokuwa wakimngoja, kisha akajibu, "Ndiyo, mwalimu."

"Ilibidi uisukume darubini?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Basi huu ndio mchoro wa kwanza tulio nao. Usipopatikana mwingine, utakwenda wewe."

Jumanne jioni Benta aliitoa darubini kabla ya kula. Nia yake ilikuwa kulifanya lile alilosema kuwa amekwisha kulifanya. Mawingu yalikuwa bado pale juu. Alishusha darubini, akaipata nuru kubwa karibu mahali pale pale, ikiwa na nukta tatu. Aliiweka katikati ya lenzi, akaondoa mikono.

"Benta! Njoo unisaidie na omena kabla umande haujashuka," mama yake aliita. Mama yake aliuza omena sokoni, na kila jioni walikunja nyavu zilizoanikiwa samaki uani.

Walikunja nyavu zote. Benta aliporudi, muda uliokuwa umepita ulitosha nyota kutoka kabisa ndani ya darubini. Nuru ilikuwa bado imo. Haikushuka hata kidogo. Alizidi kutazama. Nukta moja ikasogea taratibu kwa upande, ikaipita nyingine, kisha ikazimika, na baada ya kitambo ikawaka tena.

Hakuna mwezi wa sayari unaozimika na kuwaka hivyo. Benta aliinua kichwa, akatazama kwa macho yake tu juu ya bomba la darubini. Lilikuwa limelala karibu sawa na ardhi, likielekea majini.

"Mama, watu wa omena wamesharudi ziwani?"

"Tangu jana. Mwezi siku hizi unachelewa kuchomoza. Giza likiingia tu wanaingia, mwezi ukitoka wanarudi. Kwani vipi, nyathina, mwanangu?"

Benta alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nimechora taa za wavuvi, mama. Nikamwambia mwalimu ni Mshtarii. Akaniuliza kama niliitazama tena, nikasema ndiyo."

"Na hukutazama?"

"Sikutazama."

Mama aliinama kuchukua nyavu. "Basi kesho utamwambia. Mimi sitakusindikiza, miguu unayo."

Benta alifikiria kunyamaza. Mchoro ulikuwa na nukta nne, kama vitabu vinavyosema, na Byron hakuwa na ushahidi. Lakini katika maonyesho kungekuwa na waamuzi, na wangemuuliza swali lile lile la mwalimu. Ingebidi adanganye tena mbele ya kaunti nzima, juu ya taa ambazo kila mtu wa ufuoni angeweza kuzitambua.

Jumatano asubuhi alisimama mbele ya kilabu. Alisema kwamba alichochora ni taa, kwamba hakurudi kutazama siku ile, na kwamba alimdanganya mwalimu. Kisha akaeleza jinsi alivyogundua: nuru ilibaki ndani ya darubini wakati nyota ingekuwa imetoka.

Byron alidakia. "Jamani! Mshtarii ya Benta inauzwa kwa kikombe sokoni, kama omena!"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Hata Alamin, rafiki yake, alificha uso. Benta aliuma mdomo, akabaki amesimama.

Mwalimu Nasipwondi alingoja kelele zitulie. "Mchoro nimeuondoa," alisema. "Benta, kutambua taa vibaya ni kosa la kawaida, na kila anayetazama anga hulifanya. Kosa lako kubwa ni lile 'ndiyo' uliloniambia. Nisingelijua kama usingelisema. Mwanasayansi akisema ametazama, wengine hujenga juu ya neno lake. Neno likiwa la uongo, kila kilichojengwa juu yake huanguka. Umeliondoa mapema, na umeeleza ulivyolipima. Hilo ndilo ninalotaka nyote mjifunze. Nafasi ya maonyesho iko wazi hadi Ijumaa, kwa yeyote. Kesho jioni tutatazama pamoja."

"Hata yeye?" Byron aliuliza.

"Zamu ya darubini ni yake wiki hii. Au nimesahau?"

Alhamisi mawingu yalitawanyika. Jua lilipotua, kilabu kilikusanyika uani kwa akina Benta pamoja na mwalimu. Mama aliwapa viti viwili na mkeka. Benta alinyoosha mkono, akapima kiganja kimoja kutoka upeo wa macho kwenda juu. Pale palikuwa na nuru nyeupe isiyometameta. Alitumia lenzi isiyokuza sana, akailenga.

Ndani ya darubini alikuta duara dogo lenye kingo. Kando yake, karibu katika mstari mmoja, kulikuwa na nukta. Aliondoa mikono, akangoja. Duara likateleza taratibu hadi ukingoni, likatoka. Akaisukuma darubini kidogo, likarudi.

"Inasogea, mwalimu," alisema.

Kila mmoja alitazama kwa zamu. Byron alikaa penye lenzi muda mrefu kuliko wengine wote.

"Naona tatu," alisema. "Moja iko wapi?"

"Huenda iko mbele au nyuma ya sayari," mwalimu alijibu. "Huwa hivyo mara nyingine."

"Lakini kitabu kinasema nne. Benta, weka ya nne hapo kando, nani atajua?"

Benta alirudi kwenye lenzi, akatazama kwa makini kushoto, kisha kulia. Alichukua penseli, akachora duara na nukta tatu.