Faharasa ya Tatu
Jirani yetu Khaemba hapa Rongai si mtu wa kuona vitu. Ni mtu wa kompyuta. Jumanne ile mchana alikuwa kwenye ghala la mahindi analofanyia kazi, akiandika kijiprogramu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, cha kuorodhesha faharasa za hifadhidata ya wakulima, zile njia za mkato za kumpata mtu haraka. Alijua ni mbili: ya namba na ya kijiji. Mwenyewe ndiye aliyezitengeneza.

Lakini moyo ulikuwa nyumbani. Mkewe Mercyline alifariki akijifungua, wiki mbili tu zimepita, na sasa mtoto amekataa chupa siku ya pili. Ni kulia tu. Senge Truphosa, shangazi yake Khaemba, alikuwa akifanya ile ya Kibukusu: kumwitia mtoto majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, mpaka anyamaze kwa lake. Yote yalikuwa yameisha. Lilibaki moja, na hilo Khaemba alikuwa amelikataza.

"Senge, ukilitaja hilo nitakufa," alimwambia, na wala hakuwa anatania.

Akaendesha programu.

Namba. Kijiji. Mercyline.

Akaifuta ile ya tatu. Akaendesha tena.

Namba. Kijiji. Mercyline.

"Sitati," akamnong'oneza mwenzake, "ni wewe umeweka hii?"

"Wacha hizo, boss. Mimi hata siruhusiwi kuingia huko."

Akafuta tena. Simu ikaita. Ni Senge.

"Baba, njoo. Hata kulia hawezi tena. Mtoto anatuacha."

Akaendesha mara ya mwisho. Jina lilikuwa pale pale.

Khaemba akaangua kilio mbele ya watu, mwanaume mzima. "Mwite Mercyline, Senge. Mwite tu."

Akamsikia akiita. Mara moja. Kisha simu ya Senge ikaanguka.

Alipofika, Senge alikuwa nje uani, peke yake, mikono mitupu.

"Mtoto yuko na nani?"

"Usiniulize, baba. Nimepokonywa. Polepole, vile mtu huchukua mtoto wake."

Chumbani, mtoto alikuwa kitandani, amelala, ameshiba. Midomo ilikuwa na maziwa ya vuguvugu. Chupa ilikuwa mezani, imejaa, baridi.

Kando yake, upande wa Mercyline, godoro lilikuwa limebonyea. Khaemba akapagusa. Palikuwa na joto.

"Hata kuniaga, mama?" akasema.

Akalala hapo na viatu vyake, shavu kwenye ule mbonyeo, mpaka pakapoa.