Hodi ya Mlango wa Uani

Shati lilikuwa limeshafuliwa, likasuuzwa, likaanikwa juani mpaka likakauka kau, na bado lilinuka pombe. Dobi alilisogeza puani mara nyingine huku amekunja uso. Harufu ya mlevi aliyejimwagia aliijua, na dawa yake aliijua. Hii ilikuwa harufu mbichi ya chupa iliyofunguliwa sasa hivi, na chini yake kulikuwa na harufu ya kitambaa kinachoungua.

Akamwita binti yake aliyekuwa sakafuni akifanya hesabu za shule, mtoto waliyembandika jina la Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

"Hebu nusa hapa."

"Linanukia sabuni, mama."

"Nusa vizuri."

"Sabuni na jua," alisema Chiriku, akarudi kwenye hesabu zake.

Shati lilikuwa la marehemu mume wa Dobi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye aliyelileta. Alilitupa juu ya meza ya pasi bila haya, akasema analitaka jioni, amealikwa harusini, na kaka yake alijua kuchagua vitambaa. Kuna watu wameumbwa bila aibu. Alijua fika kwamba pasi ya nyumba hii, marehemu aliwahi kuikandamiza mgongoni mwa mkewe mpaka ikaacha umbo lake pale, ncha na kitako. Alijua, na bado alileta shati.

Dobi alilipokea, kwa sababu shemeji alikuwa amemshika pabaya. Dobi alipozama kwenye chupa baada ya msiba, upande wa mume ulimchukua Chiriku. Walipomrudisha, shemeji alisimama mlangoni akaweka sharti: siku nitakayoingia humu nikasikia harufu ya pombe, mtoto naondoka naye. Tangu hapo alikuwa akija bila taarifa, ananusa vikombe kama paka wa jirani. Dobi hakuwa amegusa hata tone. Sasa harufu ilikuwa imekuja yenyewe.

Ndipo mlango wa uani ukagongwa.

"Hodi," ilisema sauti ya kiume, ya upole, sauti ya mgeni mwenye adabu zake.

"Karibu," alijibu Dobi, macho kwenye shati, mkono ukitafuta pasi.

Mdomo ulishasema kabla akili haijafika. Uani kwake hakukuwa na njia ya kuingilia. Palikuwa na kamba za kuanikia nguo na ukuta mrefu uliopandwa vipande vya chupa juu, na mlango pekee ulikuwa huu wa kutokea ndani. Aligeuka taratibu. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupita mtu. Shuka za wateja zilining'inia kimya, maana hapakuwa na upepo, isipokuwa ile ya mwisho, ambayo ilikuwa imevimba kwa ndani na kupata mabega.

"Chiriku," alisema, akijitahidi sauti isitetemeke, "nenda kamalizie hesabu kwa jirani."

"Lakini mama, nimebakiza..."

"Nenda."

Mtoto akatoka kwa mlango wa mbele akinung'unika. Shuka ya mwisho ikasinyaa. Kile kilichokuwa ndani yake kilikuwa kimeshaingia nyumbani.

"Umesimama tangu asubuhi," sauti ilisema, safari hii kutoka kwenye kapu la nguo chafu. "Miguu inakuuma. Kidogo tu, mama Chiriku. Nani atajua?"

 Harufu ilikuwa imetoka kwenye shati, sasa ilipanda kutoka kwenye foronya, kutoka kwenye mapazia ya watu, kutoka kwenye ndoo ya maji masafi, na pasi ambayo hakuwa ameichomeka kwenye umeme ikaanza kutoa mvuke juu ya meza, ikasogea yenyewe polepole kwenye blanketi la kunyooshea, ikaacha alama nyeusi yenye ncha na kitako, na kovu lake la mgongoni likajibu kwa kuwaka kama lililochomwa jana, na mkono wake, ambao hakuutuma, ulikuwa umeshaingia ndani ya kapu, ukapita soksi na mataulo, ukakutana na kioo cha baridi.

Ilikuwa chupa nzima, haijaguswa. Hakuna aliyeinunua. Alipoitazama vizuri, kifuniko kilikuwa tayari kiganjani mwake.

Mate yakamjaa mdomoni. Kwa mkono wa pili akatoa simu.

Aliyempigia ni Bi Pipi, mama mwenye kituo cha walioacha ulevi, mwanamke aliyekunywa mpaka akapoteza nyumba, na ambaye siku hizi hatembei bila mfuko wa pipi za kugawia wanaotetemeka. Wenye mdomo walisema si kituo, ni kilinge cha mganga. Yeye hakubisha.

"Amekuja yule uliyetuonya," Dobi alinong'ona.

"Nani kamkaribisha?"

"Mimi. Kapiga hodi, mdomo ukajibu."

"Usijilaumu, tumelelewa hivyo. Sasa usimjibu tena na usibishane naye, kwenye ubishi hajawahi kushindwa. Nijibu mimi. Umekula?"

"Sijala."

"Umelala?"

"Kidogo."

"Nani kakuudhi?"

Dobi aliitazama chupa. Ndani ya kapu kitu kilicheka, cheko la mtu anayefunika mdomo kwa adabu.

"Sina hasira, mama," alisema mwishowe.

"Unamdanganya nani? Mimi niko mbali, lakini yeye yuko hapo na anaisikia harufu ya hasira yako. Huyo hapigi hodi kwa mtu aliyeshiba, akalala, akasema ya moyoni. Nani kakuudhi, mwanangu?"

Basi ikatoka. Alisema habari ya shati, na harusi, na vikombe vinavyonuswa, na miaka aliyoambiwa amsamehe marehemu kwa kuwa marehemu hasemwi. Alisema anatamani kumshindilia shemeji shati lile kooni mpaka kola ya mwisho. Alipokuwa akisema, pasi ilisimama.

"Haya, hapo sasa umesema," Bi Pipi alijibu. "Hasira yako ni halali, lakini haina kazi humo ndani ya tumbo lako, huko atakuja kuipika yeye iwe pombe. Mpelekee mwenyewe, huyo shemeji yako. Kwanza mwaga hiyo chupa, maji yakitiririka, na simu usikate. Kisha kula chochote kilicho karibu."

Dobi alienda bafuni kwa hatua za mgonjwa. Pombe ilipogusa maji, sauti ikabadilika, ikawa ya mumewe, ikamwita kwa jina la mahaba ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Aliuma meno mpaka taya likamuuma, akamwaga mpaka tone la mwisho. Kisha akala mkate mkavu amesimama, na pipi ya kituo iliyokuwa imeganda mfukoni mwa aproni.

Shemeji alifika jua likiwa bado juu. Hakubisha hodi, hana desturi hiyo. Alisimama katikati ya chumba, akainua pua.

"Nasikia harufu."

"Hata mimi," alisema Dobi. "Tangu ulipoleta hilo shati."

"Usianze, shemeji. Sharti unalijua."

Dobi alimsogelea mpaka vidole vya miguu vikakaribia kugusana, akampulizia usoni.

"Wewe ni bingwa wa kunusa. Nanuka nini?"

Shemeji alirudi nyuma. "Mkate," alisema. "Na... pipi."

"Basi nisikilize. Siku kaka yako aliponichoma, ulikuwa sebuleni. Nilikuita kwa jina lako. Ukaongeza sauti ya redio."

Jasho lilimtoka shemeji juu ya mdomo. "Yale yalikuwa mambo ya mtu na mkewe."

"Ulikuwa mgongo wangu." Sauti yake haikupanda, lakini madirisha yalitetemeka, na wote wawili waliyasikia. "Nimekunywa ili nisiisikie ile redio. Nimeacha, na bado naisikia, na wewe unakuja hapa kunusa vikombe vyangu. Chukua shati lako. Halijanyooshwa, na kwa mkono huu halitanyooshwa. Mtoto haendi popote. Ukimtaka, njoo na wazee wote wa ukoo, niwavulie blauzi wauone mgongo."

Shemeji alilikwapua shati, akalifinyanga kwapani, akatoka bila kuaga. Harufu ilimfuata. Dobi aliisikia ikimpita, ikiteleza nje ya mlango wa mbele nyuma ya kile kisogo, na chumba kikabaki na harufu ya sabuni. Mlango wa uani ukajifunga polepole. Dobi aliketi chini akalia kwa hasira, kilio kizuri alichokidai kwa miaka mingi.

Chiriku aliporudi walikula, wakacheka kidogo, wakagawana kazi. Mama aliosha vyombo. Mtoto aliingia chumbani kukunja sare yake ya shule, iliyokauka uani mchana ule.

Mlango wa uani ukagongwa kidogo, kwa ukucha.

Dobi aliubana mdomo kwa mkono wenye povu. Alisubiri hodi, na hodi haikuja.

"Asante," ilisema ile sauti ya upole. "Asante kwa kunipokea."

Neno lilimfika Dobi kwenye ncha ya ulimi, akaling'ata. Lakini Chiriku ni mtoto aliyefunzwa adabu, na mama yake ndiye aliyemfunza kwamba mtu akikushukuru haachwi hewani.

"Karibu," mtoto aliitikia kutoka chumbani.

 Kisha Chiriku akatoka ameshika sare mbali na uso, amekunja pua.

"Mama, hii mbona inanuka pombe?"

Sahani ilimponyoka Dobi ikavunjika, na hakuitazama. Hofu ilimshika, kisha ile hasira ikaja ikaisukuma pembeni. Alivuta kiti akakiegemeza kwenye mlango wa uani, akaketi, akamvuta Chiriku mapajani.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Umechoka?"

"Sijachoka."

"Nani kakuudhi, mwanangu?"

Chiriku, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alinyamaza. Nyuma yao kitasa kilianza kuzunguka.

"Baba mdogo," alisema mtoto kwa sauti ndogo. "Nilipokuwa kwake alikuwa ananiambia... alikuwa ananiambia kwamba na mimi nitakuwa kama wewe."

"Sema yote," alisema Dobi, mgongo wake wenye kovu ukiwa umeukandamiza mlango. "Na useme kwa sauti, huyu aliye nje naye asikie."