Magauni Matatu Kabatini

Siku waliyokutana, foleni ya kutuma vifurushi posta ilikuwa imefurika mpaka nje ya mlango, na kila mtu alimsukuma wa mbele yake kana kwamba dirisha lilikuwa linafungwa. Dada mshonaji alikuwa amekumbatia magauni aliyouza mtandaoni. Mfuko mmoja ukapasuka, na gauni la njano likateleza hadi juu ya kiatu cha kaka aliyesimama nyuma yake. Kaka huyo alivaa shati jeupe lililonyooka kwa pasi, miwani usoni, na nyingine mbili zikichungulia mfukoni.

"Dada, gauni lako limenichagua," alisema akilipangusa vumbi.

"Halina macho hilo. Nipe."

"Basi lilete dukani kwangu. Mimi nauza miwani."

Mshonaji alicheka bila kupenda. Kabla hawajafika dirishani, namba yake ilikuwa imeshaingia kwenye simu ya yule kaka. Haikupita muda majirani wakambatiza Miwani, naye akambatiza mpenzi wake Sindano kwa ajili ya ulimi wake mkali, jina lililomfaa kweli.

Jioni Miwani alikuwa akija dukani kwa Sindano, anakaa kwenye kigoda karibu na meza ya kukatia, anaunga simu yake na intaneti ya duka, huku mwenzake akipiga pasi.

"Leo umeuza, mpenzi?"

"Hakuna hata aliyeuliza bei. Nitarudi kushona viraka vya watu."

"Hurudi popote. Subiri tu."

Na kweli, mara kadhaa, kabla Miwani hajaaga, kompyuta ililia na oda ikaingia. Sindano aliruka kwa furaha kama mtoto. Miwani naye aliinama akazipangusa miwani zake, ambazo hazikuwa na vumbi lolote.

Kisha asubuhi moja ukaja ujumbe kutoka kampuni inayompokelea malipo ya wateja. Akaunti yake imesitishwa. Fedha zote zimezuiliwa hadi uchunguzi ukamilike, kwa sababu ya miamala yenye kutia shaka.  Sindano alipopiga simu kwao, alijibiwa na muziki tu, mpaka sikio likamuuma.

Hizo hazikuwa fedha za kutumia anavyotaka. Zilikuwa za vitambaa vya watu waliokwisha kulipa, akiwemo bibi harusi wa Jumamosi, na muuza vitambaa hakopeshi hata uzi. Ghorofa ya juu ya jengo lenye duka lake alikuwepo dada muuza viatu ambaye wateja waliibandika picha yake mtandaoni wakaandika TAPELI. Alihama bila kuaga mtu. Kila Sindano alipopanda ngazi alilitazama kufuli la mlango ule, na sasa aliliona kama linamsubiri yeye.

Mchana bibi harusi aliandika: "Dada, mbona kimya? Kesho nisipoona gauni, kila mtu atakujua."  Sindano alifunga duka, akakimbilia nyumbani kwa Miwani.

Miwani alimpokea mlangoni, akaona macho yake, akamkalisha. "Pumua kwanza. Ngoja nikuwekee chai." Akaenda jikoni. Sindano alifungua kabati kutafuta taulo afute machozi.

Kati ya mashati meupe yalining'inia magauni matatu ya kike. Hakuhitaji kuyageuza. Upindo ule ni wake, uzi wa vifungo vile aliukata kwa meno yake mwenyewe. Aliyakumbuka hata majina ya wateja: kina dada watatu, wote aliwatumia ujumbe wa shukrani. Kumbe kina dada hao wanavulia nguo hapa.

Alifunga kabati, akatoka. Nyuma yake birika lilikuwa linaanza kuchemka.

Alikuwa barabarani simu ilipolia.

"Sindano, umekwenda wapi? Nimekukosea nini?"

"Waulize wateja wangu. Yaonekana unawajua kuliko mimi."

Akakata. Usiku ule hofu mbili zililala naye kitanda kimoja, ya kuitwa mwizi na ya kuachwa, na hakujua ipi ilimtetemesha zaidi.

Asubuhi, alipoipigia tena kampuni, muziki ulikatika ghafla na sauti ya mhudumu wa kiume ikaingia. Dakika ile ile Miwani akasimama mlangoni mwa duka, hajachana nywele, shati limekunjamana, magauni matatu mkononi. Sindano alimnyooshea kidole anyamaze.

"Dada, tatizo ni hili," alisema mhudumu. "Wanunuzi wako watatu wana majina tofauti, lakini kadi iliyolipa ni moja. Na ilitumika kupitia intaneti ya duka lako. Kwetu hiyo ni dalili ya muuzaji anayejinunulia mwenyewe. Unamfahamu mtu huyo?"

Sindano aliinua macho. Miwani alikuwa ameangalia sakafu.

"Ulikuwa unataka kufunga duka," alinong'ona. "Nikasema nikupe moyo. Shangazi alikuwa ananipokelea vifurushi. Sikujua ninakutia kitanzi."

 Sindano akataka kumpiga, akataka kumkumbatia, na bado roho ilikuwa mkononi, maana jibu moja baya lingemfilisi.

"Dada, huyo mnunuzi ni nani kwako?"

Aliifunika simu kwa kiganja. "Anauliza wewe ni nani kwangu."

Miwani aliinua uso. "Ningependa useme mchumba. Kama hunitaki tena, sema ni mjinga mmoja anayeuza miwani. Yote mawili ni kweli."

"Dada, upo?"

"Nipo." Alimtazama Miwani. "Ni mchumba wangu. Alininunulia kwa siri nisikate tamaa. Mimi sikujua, naapa."

 Vidole vya mhudumu vilisikika vikigonga kibodi, vikatulia, vikagonga tena. Sindano alishika ukingo wa meza ya kukatia.

"Haya. Malipo yake tutamrudishia, na wewe urudishiwe mali yako. Malipo yaliyobaki ni ya wateja wa kweli, nitaomba yaachiwe leo. Ila akirudia, tunafunga kabisa."

"Harudii. Nitamfunga mimi kwanza."

Walikaa sakafuni katikati ya vipande vya nguo, bega kwa bega, wakiitazama simu. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Ilipolia, wote wawili walishtuka. Sindano alisoma kwamba fedha zimeachiwa, akasoma tena, halafu akalia kilio alichokibana tangu ujumbe wa kwanza.

"Umesema mchumba," Miwani alisema taratibu.

"Nimeiambia kampuni. Wewe hujaniomba kitu."

"Nakuomba sasa. Unioe… yaani nikuoe. Nimechanganyikiwa, mpenzi."

Sindano alijifuta uso kwa upindo wa gauni mojawapo kati ya yale matatu, akamtumia fedha za kitambaa kwenye simu yake, akaenda kukaa kwenye cherehani.

"Kimbia kwa muuza vitambaa kabla bibi harusi hajaniua. Kile cheupe laini. Mwambie akate viwili."

"Cha pili cha mteja gani?"

Tayari alikuwa anatia uzi kwenye sindano. "Cha pili hakiuzwi."