Aliyeliosha Gari Jeusi

Mimi nashona viti vya magari na kaka yangu anang'arisha bodi. Gereji ni moja, chini ya bati moja, na redio ni moja tunayoigombania kila siku. Watu wanamwita Kioo, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake unaweza kunyoa ndevu ukijitazama mlangoni. Ana hasira za karibu, na nyingi ni za kijinga. Kitambaa kikianguka chini mtu akakirudisha mezani bila kukikung'uta, siku hiyo hapakaliki. Lakini hasira ninayotaka kuisimulia hapa haikuwa ya kijinga. Nami ninayo mpaka leo.

Gari lililetwa na mwenyewe. Jeusi, refu, la bei mbaya. Tulimwita Bosi kwa sababu alionekana mtu anayetaka kuitwa hivyo. Hakusalimu. Aliliegesha juani, akashuka, akanyoosha kidole kwenye boneti.

"Nitolee hivi viduara. Nataka kuliuza. Kila mnunuzi akiviona anarudi alikotoka."

Kaka aliinama kutazama. Boneti nzima ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba ya mviringo, inauzunguka mng'ao wa jua kama utando wa buibui. Gari jeusi likioshwa vibaya huwa hivyo. Kitambaa kina mchanga, mkono unazunguka, na klia, ile vanishi ya juu ya rangi, inachanika kidogo kidogo.

"Aliyekuwa analiosha alitumia nini, bosi? Gunia?"

"Aliyekuwa analiosha hayupo. Wewe fanya kazi yako." Akanigeukia mimi. "Na wewe, badilisha kitambaa cha dari na cha milango ya nyuma. Mbwa alifungiwa humo akachanachana."

Akaita teksi, akaondoka. Jua lilikuwa linawaka na gari lilikuwa limesimama pale muda wa kutosha. Nilipoufungua mlango, kitasa kilikuwa kimelowa.

Kaka alianza na boneti. Klia ile ilikuwa ngumu balaa. Sponji laini liliteleza tu, kama mtu anayepapasa chupa. Akafunga pedi ya manyoya, akatia dawa kali, akaishika mashine kwa mikono miwili na kuitembeza polepole huku jasho likimdondoka puani. Kila kipande alikimalizia kwa kukifuta na spiriti. Wapo mafundi wanaoziba mikwaruzo kwa mafuta, gari likioshwa mara moja tu aibu inarudi palepale. Kioo hazibi. Kioo anasaga mpaka mkwaruzo wenyewe uishe.

Jioni boneti ilikuwa nyeusi kama maji ya kisimani. Alipoimulika, taa ilionekana ndani yake kama nukta moja safi, haina hata duara moja pembeni. Tukapiga kufuli, tukaenda nyumbani tukicheka.

Asubuhi viduara vilikuwa vimerudi.

Wa kwanza kuoga matusi alikuwa mlinzi, mzee mpole anayekaa nje ya geti.

"Umelifuta gari langu na kitu gani? Shati lako?"

"Fundi, funguo unazo mwenyewe. Mimi ningepita wapi, tundu la kitasa?"

Kaka akanigeukia. "Basi ni wewe."

"Mimi na boneti wapi na wapi, kaka? Nina dari ya kushona."

Akasaga upya. Alisaga bila kuongea, na kaka yangu asiyeongea anatisha kuliko anayefoka. Kesho yake viduara vilikuwepo tena. Akasaga tena, vikarudi tena. Sasa vilikuwa vimekolea, kama aliyevichora kaja amekasirika kuliko jana. Kaka alipima unene wa klia, akakitupa kipimio mezani.

"Nikisaga mara moja nyingine nafika kwenye rangi," alisema. "Gari la watu litaharibika na nitaambiwa ni mimi. Nikimpata anayefanya hivi nitamvunja mkono!"

Sauti yake iligonga bati ikarudi. Kisha, kutoka kwenye paa la gari, tukasikia kitu. Shwaa. Kikanyamaza.

Siku hiyo ndiyo niliyoishusha dari. Kilikuwa kitambaa kizuri, cha kijivu, nacho kilikuwa kimechanwa kweli. Lakini nimeshashona magari mengi ya wenye mbwa. Mbwa huchana kiti, huchana chini ya mlango, na manyoya yake huyakuta kila mahali. Humu hamkuwa na unyoya hata mmoja. Mikwaruzo ilikuwa juu, kwenye dari, minne minne, sambamba. Mingine ilizunguka kioo cha nyuma. Kwenye mlango, pembeni ya kitasa cha ndani, kitambaa kilikuwa kimechimbwa mpaka kwenye bati.

Nilipoukung'uta mshono wa mlango, kitu kidogo kilidondokea mapajani mwangu.

Nikadhani ni kipande cha plastiki. Nikakiokota. Ulikuwa ukucha. Ukucha wa mtu, mzima, na chini yake pamekauka damu.

"Kaka," nikanong'ona. "Njoo."

Aliutazama muda mrefu kwenye kiganja changu. Uso wake ulibadilika. Ile hasira ya kelele ikaondoka, ikaja nyingine ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwake.

"Mbwa gani huyu," akasema taratibu, "mwenye kidole gumba?"

Ilikuwa saa sita mchana. Mashine ilikuwa imezimwa. Redio imezimwa. Tulisimama mlangoni mwa gari, wawili tu.

Shwaa. Shwaa.

Kwenye boneti, mbele ya macho yetu, lilitokea tone la maji. Likasambaa. Likaanza kuzunguka. Hapakuwa na mkono. Hapakuwa na kitambaa. Lakini maji yalizunguka kama yanavyozungushwa na mtu anayefuta, duara juu ya duara, na yalipopita palibaki mkwaruzo. Alikuwa anakandamiza. Bati la boneti lilikuwa linabonyea kidogo, kama linavyobonyea chini ya uzito wa mtu.

Nilitaka kukimbia. Kaka alinishika mkono.

"Usimkimbie," akaninong'oneza. "Hana ugomvi na sisi."

Akachukua simu. Alimwambia Bosi maneno machache tu: gari limeisha, njoo ulichukue.

Bosi alifika akiwa amevaa miwani ya jua. Alipoiona boneti, mishipa ikamtoka shingoni.

"Huu ndio uchafu ulioniitia?"

Kaka alimwonyesha ukucha, kwenye kipande cha kitambaa cha dari. "Huyu ni nani?"

"Nimekwambia ni mbwa."

"Huyu ni nani, bosi?"

Akafyonza.

"Mwosha magari. Mwosha magari tu! Namwambia kila siku asitumie lile tambara, hasikii. Kaniharibia gari la mamilioni. Nilimfungia humo achomwe na jua kidogo, apate adabu. Nikapokea wageni, nikasahau. Sasa ningefanyaje? Familia wameambiwa ni moyo, wamezika, yamekwisha. Lete funguo."

Aliyasema hivyo hivyo ninavyoyaandika. Bila kushusha sauti. Kaka alimkaribia na mashine mkononi, nzito, ya chuma, na nilijua nikichelewa kidogo nitakuwa na kaka muuaji. Nikajitupa katikati yao. Bosi akatumia nafasi hiyo kunyakua funguo mezani. Akaingia garini. Akafunga mlango.

Gari halikuwaka.

Akageuza ufunguo tena. Kimya. Akavuta kitasa. Mlango haukufunguka. Tukasikia milango yote ikijifunga, ta, ta, ta, na vioo vikaanza kuingia ukungu kwa ndani.

"Fundi! Fungua!"

Kaka hakusogea.

"Fungua, nakufa joto humu!"

Shwaa. Shwaa. Sasa ilikuwa kwenye vioo. Viduara vilifunika kioo cha mbele, kimoja baada ya kingine, mpaka uso wa Bosi ukawa kivuli tu nyuma yake. Kile kivuli kilipiga dari. Kikakwaruza. Kilimlilia mtu kwa jina ambalo sitalitaja, kikisema sikukusudia, nisamehe, sikukusudia. Sauti ya kufuta haikupungua. Iliongeza kasi.

"Kaka, atakufa."

"Na afe."

"Atakufa kwenye gereji yetu. Watasema ni sisi tumemuua. Kaka!"

Alinitazama kwa macho mekundu, machozi yamejaa. Kisha akainua nyundo, akapiga kioo cha mlango. Mara ya kwanza kiligoma. Mara ya pili kikamwagika.

Tukamvuta nje. Alikuwa hai. Miwani ilikuwa imemdondoka. Uso wake wote, mashavu, paji la uso, kope, ulikuwa na mikwaruzo myembamba ya mviringo. Aliutazama mwanga wa mlangoni akapiga yowe.

"Toeni hivi viduara! Toeni machoni mwangu!"

Daktari aliyempima alisema mboni zote mbili zimekwaruzwa, kama kioo kilichofutwa na mchanga, na hakuna dawa ya kuzisafisha. Polisi walimhoji hospitalini akakiri yote bila kuguswa. Gari wakalivuta. Kesi inaendelea, na wakili wake anasema ilikuwa bahati mbaya. Kila nikilisikia neno hilo nang'ata meno.

Mama wa marehemu aliitwa kutoa maelezo, nasi tukamfuata nyumbani kumpa pole. Chumba kimoja, uwani pana kamba ya nguo. Hakutulilia. Alikuwa na hasira kavu, ya mtu aliyekwisha kulia peke yake.

"Waliniletea mwanangu ndani ya sanduku wakaniambia moyo," alisema. "Miaka ishirini na mitatu, moyo!"

"Pole, mama," kaka akasema. Ni hilo tu aliloweza.

Alitutazama kwa zamu. Akashusha sauti.

"Siku mliyomtoa yule kwenye gari, ilikuwa mchana?"

"Mchana, mama."

"Mchana huo alikuja. Nilikuwa hapa nachambua mchele. Aliingia, akasema mama nimechoka, akajilaza pale mkekani. Nikaenda kumchukulia shuka. Niliporudi hayupo, mkeka umelowa."

Nikageuza macho uwani. Mkeka ulikuwa umetundikwa kwenye kamba, katikati ya jua kali. Ardhi yote pale ilikuwa kavu imepasuka, isipokuwa chini yake.

"Nimeuanika tangu siku hiyo," mama akasema. "Ni wiki sasa."

Nilitoka, nikakinga kiganja chini ya ukingo wa mkeka. Matone yalianguka, moja, na jingine. Yalikuwa ya moto. Na yalikuwa na povu la sabuni.