Pumzi za Chiriku

Mtu alikohoa, na ndani ya chumba hakukuwa na mtu.

Fundi sauti alivua hedifoni, akageuka. Studio ile ya redio haikuwa na dirisha. Mchana na usiku vilijulikana kwa saa ya ukutani, nayo ilisimama tangu enzi za mkurugenzi aliyepita. Akazivaa tena. Kompyuta haikuwa ikicheza chochote, lakini masikioni mwake mtu alivuta pumzi polepole, kama anayepanda ngazi na mzigo.

Kazi yake ilikuwa kuhamisha nyimbo za zamani kutoka kwenye kanda. Waraka wa mkurugenzi uliagiza kelele zote zisizo na tija ziondolewe. Fundi aliuliza kelele yenye tija ni ipi. Kamati ikaundwa, ikanywa chai, ikaahirishwa. Basi akaondoa asichokipenda: mkwaruzo, kiti kilicholia, mpiga ngoma aliyeguna. Mwisho akaondoa hata pumzi za waimbaji, maana vijana wa siku hizi huimba vipande vipande vikaunganishwa, na humsikii yeyote akipumua. Pumzi zote alizokata alizirundika kwenye faili moja. Hakuzifuta. Fundi hafuti kitu, huwezi kujua.

Wimbo wa kwanza kusafishwa ulikuwa wa mama yake.

Enzi zake mama aliitwa Chiriku. Bendi nzima ilizunguka maikrofoni moja, mpiga tarumbeta akasukumwa hadi mlangoni asiwafunike wenzake, na mmoja akikosea wote walirudi mwanzo. Wimbo ulipotangazwa, watu walijaa kwa jirani mwenye redio, wakanyamaza kama wako msibani. Sasa mama aliishi kwa mwanawe, na mwanawe alitaka kumfurahisha. Alimwekea wimbo kwenye simu, safi kama sahani ya mgeni.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Nani huyu?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi napumua, mwanangu. Huyu hapumui."

Mke wa fundi alicheka, akasema wazee hawaridhiki. Lakini tangu siku ile mama alianza kukatika pumzi, kwanza ngazini, kisha kitandani, kisha katikati ya maneno, pale hasa ambapo mtu huvuta hewa. Daktari aliyapima mapafu yake, akayasifu. Mama alizidi kuwa wa buluu midomoni.

Kazini, fundi alimweleza mkurugenzi kwamba studio inapumua. Mkurugenzi alijibu kwa upole kwamba shirika halina kifungu kinachotambua majini, kwa hiyo aliyemo, kama yumo, yumo kinyume cha utaratibu. Akaagiza mlango ubandikwe tangazo: wasiohusika wasiingie. Mhusika alikuwa ameshaingia.

Mke wa fundi, ambaye sasa hakucheka, ndiye aliyemwita mganga, bibi mmoja wa miwani minene. Bibi alisikiliza wimbo, akamtazama mgonjwa, akauliza kwa sauti ya chini, "Pumzi zake umeziweka wapi?"

Fundi akamweleza habari za faili.

"Pumzi isiyo na mwenyewe ni nyumba wazi, baba. Asiye na pumzi amehamia humo. Na mpangaji akishazoea ukumbi, hutaka na chumba cha mwenye nyumba." Akamwonyesha mama kwa kidevu. "Zirudishe mahali pake, moja moja. Wala usirudishe isiyo yake."

"Nimezichanganya na za wengine, bibi. Nitaijuaje yake?"

"Umelala kifuani pake miaka mingapi? Utaijua."

Akarudi studio mchana uleule. Mwanzoni kazi ilikwenda, hii ya mama, hii ya marehemu fulani, lakini kadiri rundo lilivyopungua ndivyo chumba kilivyojaa harufu ya siki, harufu ya kanda iliyooza na kinywa kilichofungwa miaka, na hewa ikawa nzito na ya uvuguvugu shingoni mwake, na akijua kwamba nyuma yake kuna ukuta tu bado aliinamisha kichwa kumpisha mtu, akitafuta kati ya pumzi za wafu ile aliyoisikia kabla hajajua kusema, hadi ya mwisho ya mama ikaingia mahali pake.

Simu ikaita. Mkewe alinong'ona kwamba mama ameketi, na analalamika chai haina sukari.

Chini ya rundo ilibaki pumzi moja, ndefu, nzito, isiyo ya mwimbaji yeyote aliyemjua. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, fundi akafuta kitu.

Jumapili mchana wimbo ulitangazwa. Fundi aliketi karibu na mama, madirisha wazi, na kila nyumba mtaani imefungulia redio. Chiriku aliimba, akapumua. Kitandani mama naye alipumua, mahali palepale, akitabasamu. Ngoma ya mwisho ikalia, ikaisha.

Kabla mtangazaji hajasema neno, mtu alivuta pumzi. Ilitoka kwenye redio yao, na kwa jirani, na dukani, na ng'ambo ya barabara, pumzi ileile ndefu, nzito, aliyoifuta, kama ya mtu anayejiandaa kuimba.

Mama alimshika mkono. "Hiyo si yangu," alinong'ona.

Pumzi ikaendelea kuvutwa, dirisha hadi dirisha, mapazia yakielekea ndani ya nyumba, kwenye redio. Wakasubiri itolewe.