Kishona Nguo Kwenye Koti la Devota

Kila jioni Ekaristia alipotoka shule, kazi yake ya kwanza ilikuwa kufua koti jeupe la dada yake. Makoti yalikuwa mawili: moja likivaliwa, lingine lilikuwa kwenye kamba nyuma ya nyumba yao, pale Ruhuwiko. Asubuhi alilinyoosha lile kavu kwa pasi ya mkaa, akalitundika mlangoni. Mama yao, Walburga, hakutaka kuona hata kunjo moja. Alisema koti la daktari ndilo uso wake.

Devota hakuwa daktari bado. Alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha afya mjini Songea, akisomea utabibu. Lakini tangu siku alipochaguliwa, hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Baba yao, Longino, seremala mpole asiyependa maneno mengi, ndiye aliyeanza. "Daktari, karibu chakula," alisema siku ile, na majirani wakalidaka. Bibi Kunegunda akaanza kuja na goti lake, wengine wakaja na vikohozi vya watoto. Shuleni Ekaristia naye akaitwa Daktari Mdogo. Siku moja Remmy, aliyekaa naye dawati moja, alivua kiatu mbele ya darasa zima akamwomba amtibu kidole. Ekaristia alijifanya amekasirika, lakini moyoni alifurahi. Ni yeye mwenyewe aliyekuwa amewatangazia wote.

Jumanne moja ya mwezi Juni, baridi ikiwa kali, alikuta kitu kwenye pindo la koti. Zilikuwa mbegu za kishona nguo, zile nyeusi, nyembamba, zinazomganda mtu apitaye porini. Alizibandua moja moja akafika thelathini. Kesho yake akazikuta tena. Akaingia chumbani walimolala wote wawili, akafunga mlango.

"Dada, leo ulikuwa wapi?"

"Wodini, si unajua."

"Wodini kuna kishona nguo?"

Devota alilitazama koti lile mikononi mwa mdogo wake. Alitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka. Ndipo akasema. Ilikuwa wiki ya pili hajakanyaga chuo. Kila asubuhi aliaga, akapita njia ya kuelekea milima ya Matogoro, akakaa chini ya misonobari mpaka saa tisa, kisha akarudi kama mtu aliyetoka kazini.

Yote yalianza na jaribio moja alilofeli. Devota hakuwahi kufeli tangu darasa la kwanza, wala hakujua kufeli kunafananaje. Akaongeza saa za kusoma, akapunguza za kulala. Kadiri alivyosoma, ndivyo alivyosahau; akifika mwisho wa ukurasa, mwanzo wake umekwisha kufutika. Halafu siku moja wodini aliulizwa swali mbele ya wenzake, swali jepesi, na kichwa chake kikawa kitupu kama gunia lililokung'utwa.

"Sasa nikilifikia geti tu, moyo unakwenda mbio mpaka pumzi inakwama," alisema. "Nageuza. Eka, usimwambie mtu. Niapie."

Ekaristia aliapa. Hakujua kwamba kiapo kinaweza kuwa na uzito.

Tangu siku hiyo aliona kila kitu, na hakuweza kusema chochote. Alimwona baba akimwekea Daktari kipande kikubwa cha samaki, na Devota akikimegamega bila kukipeleka kinywani. Usiku alimsikia akigeukageuka kitandani. Aliendelea kufua koti ambalo halikuwa na kazi, akibandua mbegu zake harakaharaka kabla mama hajazichungulia. Kila asubuhi alipolitundika mlangoni, alijihisi kama ndiye anayemfukuza dada yake kwenda porini. Darasani alianza kukosa hesabu alizokuwa akizijua, na Remmy alipomtania, hakucheka.

Siku moja alijaribu kusema. Mama alikuwa akichambua maharage, naye akakaa karibu, akamwita. Lakini mama alikuwa na lake. Alisema siku Devota atakapomaliza, yeye mwenyewe atajifunga vitenge viwili, kimoja cha kwendea kanisani na kimoja cha kurudia. Alisema maisha yake yote amengoja kitu kimoja tu. Kisha akauliza, "Ulitaka kusema nini, mwanangu?"

"Maharage haya yana mawe mengi," Ekaristia akajibu.

Ijumaa ya wiki iliyofuata baba alikuja na habari. Mzee Thadei, mwenyekiti wa jumuiya yao ndogondogo ya kanisani, amesema sala ya kesho itafanyika kwao, maana mitihani ya Daktari inaanza Jumatatu. Baada ya sala, Daktari awapime wanajumuiya presha na awape maneno mawili ya afya. Mama akaanza kuazima viti papo hapo.

Devota alisikiliza, akaitikia vizuri, akaenda chumbani kufungasha begi. Alimwambia Ekaristia kwamba watu wakishatawanyika atapanda basi la Njombe, atashuka Madaba au popote, atafute kibarua chochote ambako hakuna anayemjua.

"Bora waseme nimepotea kuliko waseme nimefeli," alisema, na sauti yake haikutetemeka. Hilo ndilo lililomwogopesha Ekaristia kuliko yote.

Jumamosi asubuhi nyumba ilijaa. Waliokosa viti walikaa kwenye mikeka. Walisali, wakaimba, na mwishowe mama akasema, "Eka, kamwite dada yako."

Devota alikuwa ameketi kitandani, amevaa koti, begi miguuni. Jasho lilikuwa limemtoka usoni, ingawa kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta. Alijaribu kusimama, akaketi tena. "Waambie nimeitwa hospitali," alinong'ona. "Waambie nimetokea mlango wa nyuma."

Ekaristia alirudi sebuleni. Macho yote yakamgeukia. Akasema kama alivyotumwa: dada ameitwa hospitali, imekuwa ghafla.

Mzee Thadei akapiga makofi mara moja. "Mnaona? Wengine wanasoma, huyu tayari wanamhitaji. Tumwombee azidi." Watu wakaitikia, mama akafuta machozi ya furaha. Ekaristia akaona alichofanya. Uongo wake haukumfungulia dada yake mlango. Ulikuwa umepigilia msumari mwingine.

Wimbo ulipoanza tena, alimvuta baba shati. Longino akamfuata hadi nyuma, penye mbao zake.

"Baba, nimedanganya. Dada yuko chumbani. Anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Halali. Hali chakula. Hajaenda chuo wiki tatu, akifika getini pumzi inakwama. Leo anataka kuondoka na basi, asirudi." Kisha akalia, kwa sababu alikuwa amevunja kiapo.

Longino aliingia chumbani, akakaa sakafuni mbele ya binti yake, wimbo ukiwa bado unasikika ng'ambo ya ukuta. Ekaristia alingojea amkemee. Baba akauliza tu, "Umekula lini, Devota?"

Devota alipolisikia jina lake, alijifunika uso akalia kwa sauti, kama mtoto.

Baba alirudi kwa watu akawaambia kweli: Devota hakuitwa hospitali, ni mgonjwa, na leo hatampima mtu. Bibi Kunegunda alidhani kuna mtu mwenye husuda amemtupia jambo, akataka kutaja majina. Longino akamwomba kwa upole asitaje jina la mtu yeyote nyumbani kwake.

Jirani yao wa nyumba ya tatu alikuwa Halima, muuguzi wa kitengo cha afya ya akili hospitalini. Walimfuata saa ile ile. Halima alimsikiliza Devota peke yake kwa muda mrefu, na Jumatatu akawapeleka kwa daktari. Hofu na sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, ndivyo daktari alivyosema. Ni ugonjwa, una matibabu, na wanafunzi wengi wanaosomea kutibu wengine huupata kisha wakauficha. Mama aliuliza kwa wasiwasi kama mwanawe amerukwa na akili.

"Hapana, Mama Devota," Halima akasema. "Amechoka mpaka amevunjika. Tuna msemo, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini tunaufuata kwenye malaria tu. Ya kichwani tunayaficha."

Chuo kilipopata barua ya daktari, kilimruhusu Devota kuahirisha mitihani. Haikuwa rahisi. Kwa miezi miwili alihudhuria kliniki, siku nyingine akirudi ana nafuu, nyingine akirudi kama alivyokwenda. Alijifunza kulala. Aliporudi chuoni, Halima alimsindikiza siku ya kwanza hadi getini, na pumzi ilipokwama walisimama wakangoja mpaka ikarudi. Alianza kusoma na wenzake wawili, na asipoelewa, alisema. Matokeo ya mitihani aliyokuwa ameahirisha yalipotoka, alikuwa amefaulu masomo yote isipokuwa moja, ambalo angelirudia. Aliwaambia mezani, akaendelea kula.

Siku hiyo Ekaristia alimkuta baba kwenye karakana akipanga mbao, akamuuliza kama ilikuwa dhambi kuvunja kiapo kile.

Longino aliweka ubao chini. "Ubao mbichi ukiupa mzigo wa paa, unapinda," alisema. "Kosa si la ubao. Ni la fundi aliyekuwa na haraka. Mimi na mama yako na majirani wote tulimwekea dada yako paa kabla hajakauka, tukaiita hiyo heshima. Wewe ulikuwa mdogo kuliko sisi sote, ukabeba peke yako tulichopaswa kukiona." Akapangusa vumbi mikononi. "Kutunza siri ni jambo jema. Lakini siri ikianza kumla mwenzako, hiyo si siri tena, ni ugonjwa, na ugonjwa hutajwa ili utibiwe. Mtafute mtu mzima, umwambie. Asiposikia wa kwanza, mwambie wa pili. Umeelewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Haya. Shika upande huo."

Ekaristia akashika ncha ya ubao, wakaubeba pamoja wakauegemeza ukutani, penye jua.